Mkokoteni wa punda Tabora: jinsi ya kumfunga, kumfundisha na kumwendesha bila kumuumiza

Punda hafungwi nira. Tunaanza na hilo kwa sababu watu wengi wa Igunga, Nzega, Uyui na Urambo wamejifunza kuendesha wanyama kwa maksai, na siku maksai wakiuzwa, punda anaingizwa chini ya nira ileile. Ng'ombe wetu ana nundu. Nira inakaa mbele ya nundu naye anaisukuma. Punda hana nundu. Juu ya mabega yake kuna mfupa uliofunikwa na ngozi nyembamba, na nguvu yake inatoka kifuani. Ukimwekea nira, mti unausaga ule mfupa kila anapopiga hatua. Anajifunza kwamba kuvuta kunauma, anapunguza kuvuta, mwenye mkokoteni anaona ni mkaidi, fimbo inafuata. Sehemu kubwa ya kinachoitwa ukaidi wa punda ni vifaa vibaya, na mwongozo huu umejengwa juu ya hilo: weka nguvu mahali pake, mengine yatakuwa mepesi.

Kwa nini punda na si farasi? Jibu liko msituni. Miombo ya Tabora ina mbung'o, na farasi huvumilia vibaya sana nagana, ugonjwa unaoenezwa na nzi hao. Ndiyo sababu mojawapo kubwa ya misafara ya karne ya 19 kati ya Bagamoyo na Ujiji kubeba mizigo kwa mabega ya watu, wengi wao Wanyamwezi. Punda huugua pia, lakini huvumilia zaidi. Hata hivyo taratibu za kufunga na kuendesha zilizo hapa chini ni zilezile zinazotumika kwenye magari ya farasi kwingineko duniani, tumebadilisha vipimo tu.

Kumchagua punda

Mtazame meno ya mbele. Jozi ya kati ya meno ya utu uzima hutoka akiwa na miaka miwili na nusu hivi, jozi inayofuata mitatu na nusu, za pembeni minne na nusu. Punda ambaye bado ana meno ya utoto pembeni hajafikisha umri wa mzigo kamili. Kumfundisha anza akiwa na miaka mitatu, kazi nyepesi. Mzigo wa kawaida usubiri afikishe minne na nusu au mitano. Anayeanza mapema mno huharibika magoti na mgongo, na punda anayetunzwa anaweza kufanya kazi miaka mingi, kwa hiyo haraka ya mwaka mmoja ni hasara kubwa.

Mwache atembee mbele yako kwenye ardhi ngumu, aende na kurudi. Kichwa kikipanda na kushuka kila hatua, kuna mguu unaomuuma. Inua miguu yote minne: kwato isiwe imepasuka hadi kwenye nywele, wala isitoe harufu ya uozo. Pitisha kiganja mgongoni, mabegani, kifuani na chini ya mkia kutafuta makovu. Nywele nyeupe kwenye punda wa kijivu huonyesha palipokuwa na kidonda. Kovu lililopona vizuri si tatizo, ila linakwambia vifaa vyako visiguse hapo.

Kwa anayeanza, jike mtulivu au dume aliyehasiwa. Dume mzima akinusa jike upande wa pili wa barabara hatakusikiliza. Na ukiweza, nunua wawili waliozoeana. Punda hushikamana sana na mwenzake. Ukimtenganisha ghafla anaweza kuacha kula, na punda aliyeacha kula siku nzima ni mgonjwa wa dharura, kwa kuwa mafuta ya mwili huanza kumwagika kwenye damu na ini likashindwa. Bei imepanda miaka hii kutokana na biashara ya ngozi, ambayo Umoja wa Afrika uliamua kuisitisha Februari 2024, kwa hiyo uliye naye mtunze.

Vifaa: kila mkanda na kazi yake

Punda anayevuta mkokoteni peke yake anahitaji vitu sita. Ukikosa kimoja, kazi yake itafanywa na sehemu ya mwili isiyostahili.

Mkanda wa kidari ndio unaovuta. Upana wake usipungue sentimita 8. 10 ni bora zaidi. Unapita kifuani, juu kidogo ya ncha ya bega, yaani ule mfupa unaoguswa mbele pale mguu unapoungana na kifua, na chini ya koromeo. Ukipanda unabana koo, utasikia anakoroma akivuta. Ukishuka unafunga mabega, anapiga hatua fupi. Kiganja kilichonyooka kipite kati ya mkanda na kifua bila kulazimisha. Mkanda mwembamba mwingine unapita juu ya shingo kuuzuia usishuke.

Tandiko halibebi mzigo wa mkokoteni wote. Linabeba uzito mdogo wa ile mikono miwili ya mkokoteni, yaani miti ya mbele inayopita ubavuni mwa punda, na ni lazima liwe na mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, katikati pakiwa wazi. Weka vidole viwili kwenye uwazi huo: visipopita, tandiko linakalia mfupa. Mito ijazwe nyuzi za katani, majani makavu au vipande vya blanketi, na ijazwe upya inapobonyea.

Mkanda wa tumbo unashika tandiko. Ukae upana wa kiganja nyuma ya kwapa, la sivyo unakata ngozi laini ya kwapani. Kaza hadi vidole viwili vipite.

Mkanda wa nyuma ndio breki, na ndio unaokosekana zaidi. Unazunguka matako, chini ya mfupa wa tako lakini juu kabisa ya kifundo cha nyuma, na ncha zake zinafungwa kwenye mikono ya mkokoteni. Bila huo, kwenye mteremko mkokoteni unamgonga punda miguu ya nyuma. Akigongwa anakimbia, akikimbia unamgonga zaidi. Ajali nyingi za mteremkoni huanzia hapo. Punda akiwa anavuta, mkanda huu ulegee kiasi cha upana wa kiganja. Ukiwa umekaza, anapigana na breki yake mwenyewe njia nzima.

Kamba za kuvutia zinatoka kwenye mkanda wa kidari hadi kwenye mkokoteni, zikiwa urefu sawa pande zote na zikiwa zimenyooka bila kupinda kwenye tandiko. Zisifungwe moja kwa moja kwenye fremu. Zifungwe kwenye ncha za mti mfupi, sentimita 50 hivi, ulioshikwa kwa bolti moja katikati ili uzunguke. Huu ni mti wa mizani. Mabega ya punda hupishana anapotembea. Mti ukizunguka, mkanda unafuata bega. Ukiwa umegandishwa, mkanda unasugua kifua kushoto na kulia mamia ya mara kwa kilomita moja. Ni kipande cha mti na bolti tu, na hatujui kifaa kingine cha bei hiyo kinachookoa ngozi nyingi hivyo.

Cha mwisho ni mkanda wa kichwa wenye hatamu mbili. Punda wengi huendeshwa vizuri bila chuma mdomoni. Usitumie waya, usitoboe pua kama ya ng'ombe. Mkanda wa pua ukae katikati ya jicho na tundu la pua, kwenye mfupa. Ukishuka kwenye nyama laini unabana pumzi.

Kuhusu malighafi: ngozi iliyopakwa mafuta ni nzuri, ila mkanda wa usalama wa gari bovu kutoka gereji, ukishonewa turubai la pamba au blanketi upande wa ndani, unadumu na ni rahisi kufua. Kamba ya nailoni isiguse ngozi popote. Mpira wa tyubu hushika jasho na joto, unachubua. Utumie kwa nje tu. Fundi viatu anaweza kushona vifaa hivi vyote ukimpelekea punda apimwe palepale.

Mkokoteni wenyewe

Magurudumu mawili ya gari madogo, rimu ya inchi 13 au 14, yenye tairi za upepo na ekseli ya beringi. Gurudumu la chuma au la mbao bila beringi humla punda nguvu bure, na kwenye mchanga wa Tabora linazama. Jaza upepo tairi zote mbili sawa. Tairi moja ikiwa laini, mkokoteni unavuta upande na punda anatembea mshazari siku nzima.

Mikono ya mbele iishie usawa wa ncha ya bega, isipite. Ikipita, kila kona inamchoma shingo. Kati ya matako ya punda na sehemu ya mbele ya mkokoteni ibaki nusu mita. Kati ya mikono, upana wa nyonga zake na vidole vinne kila upande.

Sasa jambo ambalo mafundi wengi wa kuchomelea hawaambiwi: ekseli ikae wapi. Jaribio ni hili. Mkokoteni ukiwa na mzigo na bila punda, inua ncha za mikono hadi usawa wa tandiko. Ukisikia uzito wa kilo 10 hivi, sawa na dumu la lita 20 lililojaa nusu, uko sawa. Ukilemewa, mzigo uko mbele mno na utamkalia punda mgongoni. Mikono ikitaka kuruka juu, mzigo uko nyuma, na mkanda wa tumbo utamnyanyua punda kwa kifua. Mafundi wanaojua hutoboa matundu matatu kwenye fremu ili ekseli isogezwe. Kama yako imechomelewa, panga mzigo kwa kufuata jaribio hilo kila safari.

Maji yana hila yake. Pipa lililojaa nusu humwaga uzito mbele kwenye mteremko na nyuma kwenye mlima, na hakuna kupanga kutakakosaidia. Jaza pipa hadi juu, au beba madumu yenye vifuniko.

Ongeza breki ya mkono: gogo la mti mgumu linalobana tairi kwa nyuma likivutwa na wenzo. Mkanda wa nyuma unatosha kwa mteremko mdogo. Mzigo mzito unahitaji vyote viwili. Nyuma bandika viakisi mwanga vyekundu viwili, mbele vyeupe viwili.

Kumfundisha

Wiki mbili za kwanza hakuna mkokoteni. Mzoeshe kushikwa mwili wote, kuinuliwa miguu, kuongozwa kwa kamba ukiwa begani kwake. Chagua maneno manne na usiyabadilishe: *twende*, *simama*, *polepole*, *rudi*. Kila mtu wa nyumbani atumie hayohayo. Mtoto akisema *haya* na baba akisema *twende*, punda atasubiri fimbo ndiyo ajue maana.

Kisha mvalishe vifaa kidogokidogo, mkanda wa nyuma ukiwa wa mwisho kwa kuwa ndio unaomshtua. Mwache asimame navyo, atembee navyo, ale navyo.

Hatua ya tatu ni hatamu ndefu. Tembea nyuma yake kwa mita mbili au tatu, pembeni kidogo ili akuone, na umwendeshe kwa hatamu kuzunguka miti, kupita madimbwi, kuingia uchochoroni. Hapa ndipo punda hufundishwa hasa, na hapa ndipo watu huruka. Usimfunge kitu cha kuvuta kabla hajasimama kwa neno moja mara kumi kati ya kumi.

Baada ya hapo avute tairi kuukuu kwa kamba ndefu, msaidizi akiwa kichwani na mwingine akishika kamba tayari kuiachia. Sauti ya kitu kinachomfuata ndiyo inayomtisha, si uzito. Akishazoea mchangani, mpeleke kwenye changarawe yenye kelele. Baadaye mkokoteni mtupu, watu wawili waukokote nyuma yake bila kumfunga. Halafu mfunge, mtupu bado, siku tano au sita. Halafu robo ya mzigo.

Punda akiogopa mara nyingi hakimbii kama farasi, husimama na kuganda. Anapima. Ukimpiga wakati huo unathibitisha kwamba mahali pale ni pa hatari. Msubiri, mwache aangalie, mtangulize mwenzake, kisha omba hatua moja. Daraja jembamba, mstari mweupe wa lami na kivuli cha mwembe vyote vinaweza kumgandisha siku ya kwanza.

Kumfunga na kumfungua

Utaratibu huu una sababu kila hatua, usiupindue.

1. Piga brashi mahali vifaa vitakapokaa. Chembe moja ya mchanga chini ya tandiko unatosha kutoboa ngozi. Safisha kwato.
2. Weka tandiko mbele kidogo, lisukume nyuma ili nywele zilale. Kaza mkanda wa tumbo nusu.
3. Valisha mkanda wa nyuma, utoe mkia nje, kisha mkanda wa kidari, kisha mkanda wa kichwa na hatamu.
4. Kaza mkanda wa tumbo sawasawa. Msaidizi asimame mbele ya punda, si pembeni.
5. Leta mkokoteni kwa punda ukiwa umeinua mikono yake juu. Usimrudishe punda kinyumenyume kuingia; akikanyaga mkono mmoja, unavunjika au anavunjika yeye.
6. Shusha mikono kwenye vitanzi vya tandiko. Funga kamba za kuvutia kwanza. Kisha mkanda wa nyuma. Kisha mkanda unaozuia mikono isiruke.
7. Zunguka mkokoteni wote: tairi, nati za magurudumu, pini za ekseli, mti wa mizani. Ndipo uchukue hatamu, upande, na msaidizi aondoke kichwani.

Kamba za kuvutia hufungwa mwanzo na kufunguliwa mwisho kwa sababu punda akisonga ghafla akiwa amefungwa mkanda wa nyuma peke yake, mikono itateleza na kumchoma au mkokoteni kupinduka. Kumfungua ni kinyume chake: mkanda wa mikono, mkanda wa nyuma, kamba za kuvutia, kisha sukuma mkokoteni nyuma utoke kwake. Mkanda wa kichwa usivuliwe kamwe punda angali kwenye mkokoteni, hata akiwa mpole kiasi gani. Ukiuvua huna kitu cha kumzuia.

Punda wawili hutumia mti mmoja wa kati badala ya mikono miwili. Kila mmoja ana vifaa vyake kamili na mti wake mdogo wa mizani, na miti hiyo miwili inaning'inia kwenye mti mkubwa wenye bolti katikati. Mikanda yao ya nyuma inafungwa kwenye ncha ya mbele ya mti wa kati, maana hapo ndipo breki inapotoka. Kama mmoja ana nguvu zaidi, toboa tundu la pili kwenye mti mkubwa na usogeze bolti sentimita 3 hadi 5 kuelekea upande wa mwenye nguvu. Atabeba sehemu kubwa zaidi, mwenzake atapumua.

Kiasi cha mzigo

Punda wengi wa kwetu wana kilo 110 hadi 160. Kipimo tunachopendekeza: mkokoteni pamoja na mzigo visizidi mara mbili ya uzito wa punda, kwenye njia tambarare na ngumu. Punda wa kilo 140 anapata 280; mkokoteni ukiwa kilo 100, yanabaki madumu tisa ya lita 20. Wawili wa kilo 140 wenye mkokoteni wa kilo 150 wanamudu madumu ishirini. Dereva akipanda, naye ni mzigo; ahesabiwe.

Kwenye mchanga mzito au mlima, gawa kwa mbili. Kwenye mbuga nyeusi za Igunga na Nzega, yaani tambarare za udongo mweusi unaonata, wakati wa masika, usiende kabisa na mzigo. Udongo ule hujaza magurudumu, na punda akizama hadi magotini huumia akijinasua. Kama kuna safari ya lazima, beba robo na uende kwa ukingo wa njia penye nyasi.

Magunia ya mahindi au robota za tumbaku zifungwe kwa kamba mbili zinazokatana. Mzigo usipite urefu wa kifua cha mtu mzima. Ukipita, mkokoteni wa magurudumu mawili hupinduka kwenye shimo moja tu.

Barabarani

Shika hatamu moja kila mkono, viwiko karibu na mbavu, ukiwa unahisi kichwa cha punda bila kukivuta. Kumgeuza kulia, kaza kidogo hatamu ya kulia na ulegeze ya kushoto kwa kiasi hichohicho. Ukikaza moja bila kulegeza nyingine, unamwambia geuka na simama kwa pamoja. Kusimama: sema neno kwanza, kaza baadaye, legeza mara anapotii. Fimbo ni ya kugusa ubavu, si ya kupiga. Hatamu usizizungushe mkononi wala kuzifunga kiunoni. Punda akikurupuka utaburutwa.

Endesha upande wa kushoto, mwendo wa kutembea, kilomita 4 au 5 kwa saa. Kwenye lami ya kwenda Nzega au Urambo, tumia njia ya pembeni kila inapopatikana. Lori linapokuja nyuma, usisimame ghafla: sogea kushoto mapema, sema *polepole*, endelea. Kabla ya kugeuka kulia nyoosha mkono wa kulia na utazame nyuma kwa macho yako, kwa sababu bodaboda haikuoni kwa upande huo hadi imefika.

Tabora ni njiapanda ya reli za Dar es Salaam, Mwanza na Kigoma, kwa hiyo kuvuka reli hakuepukiki. Simama mita 20 kabla, shuka, shika kichwa cha punda, sikiliza. Vuka ukiwa umenyooka, magurudumu yote mawili yagonge chuma pamoja. Ukivuka mshazari, gurudumu moja huingia kwenye mfereji wa reli na kukwama mahali pabaya kuliko pote. Hakikisha upande wa pili kuna nafasi ya mkokoteni mzima kabla hujaanza.

Mteremkoni, vuta breki kabla hujaanza kushuka. Mlimani, mpumzishe kwa kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, asikae akizuia mzigo kwa mwili wake. Kila saa moja ya kazi, dakika 10 za kusimama kivulini. Miezi ya Septemba na Oktoba kazi iwe kati ya saa 12 na saa 4 asubuhi, na tena kuanzia saa 10 jioni. Usiku usitoke, ukilazimika, taa mbele na nyuma, viakisi peke yake havitoshi.

Unadhifu

Punda aliyepigwa brashi, mikanda iliyofuliwa, mkokoteni uliopakwa rangi na dereva aliyevaa vizuri havimfai mwenye mali kwa sifa peke yake. Uchafu huficha kasoro. Mkanda uliofuliwa kila wiki huonyesha uzi uliokatika kabla haujakatikia mteremkoni. Grisi safi kwenye beringi kila mwezi, na wakati wa masika kila wiki mbili, hukuonyesha mchanga ulioingia.

Dereva avae viatu vya kufunika, kofia, mikono mirefu. Kanga au kitenge kinachoning'inia kikae mbali na magurudumu. Glavu za ngozi, hata za fundi wa kuchomelea, hulinda viganja hatamu zikivutwa ghafla.

Rangi nazo zina maana msituni. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Blanketi la tandiko, turubai la mkokoteni na shati la dereva viwe vya rangi ya udongo, kaki au nyeupe iliyofifia. Kwa anayebeba wageni au maharusi, mapambo yawekwe kwenye mkokoteni na mkanda wa kichwa, yasining'inie kwenye macho wala miguu, na punda azoeshwe siku kadhaa kabla: maputo na riboni vinavyopepea humtisha kuliko lori. Benchi za abiria ziwekwe sambamba na ekseli, na abiria wapande msaidizi akiwa kichwani, wa mbele kwanza ili mikono isiruke.

Baada ya kazi

Mfungue, mtembeze dakika tano, mpe maji. Kwa siku anahitaji lita 15 hadi 25, safi. Punda hukataa maji machafu hata akiwa na kiu. Chakula kikuu ni nyasi kavu na mabua, sio pumba nyingi, ambazo humletea maumivu ya tumbo na ya kwato. Donge la chumvi, ya Uvinza inafaa sana, liwe zizini muda wote. Siku moja kwa wiki asifanye kazi kabisa. Kwato zichongwe kila wiki sita hadi kumi.

Kisha mpapase mwili wote kwa kiganja, ukitafuta joto, uvimbe na nywele zilizokatika. Nywele zilizokatika ni onyo; kidonda kinakuja baadaye. Mahali panakwambia kosa. Juu ya mgongo katikati: tandiko limebonyea au mzigo uko mbele. Kwapani: mkanda wa tumbo uko mbele mno. Kifuani upande mmoja: kamba za kuvutia hazilingani. Kifuani pande zote: mti wa mizani umegoma kuzunguka. Chini ya mkia na kwenye mapaja: mkanda wa nyuma umekaza au umeshuka. Rekebisha kifaa kwanza, dawa baadaye. Osha kidonda kwa maji safi yaliyochanganywa chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita; usipake oili chafu ya gari wala asidi ya betri, zinaua nyama iliyo hai. Asivae kifaa hicho hadi ngozi ifunge kabisa. Kumwendesha punda mwenye kidonda kilicho wazi kunaweza kukufikisha pabaya chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Mjue akiwa mzima ili umjue akiugua: joto la mwili karibu nyuzi 37, mapigo ya moyo 36 hadi 52 kwa dakika, pumzi 12 hadi 28, akiwa ametulia. Punda huficha maumivu. Kuinamisha kichwa na kuacha chakula ni dalili kubwa kwake. Akikonda ingawa anakula, homa ikija na kuondoka, ufizi ukipauka na tumbo likivimba kwa chini, fikiria nagana, hasa kama amepita Sikonge, Kaliua au msitu wowote wenye mbung'o. Mwite mtaalamu wa mifugo wa kata achukue damu. Usimchome wewe dawa ileile unayowachoma ng'ombe: baadhi ya dawa za nagana ni kali kwa punda, na dozi iliyokadiriwa kwa macho inaweza kumuua siku hiyohiyo.